Viatu Viachwe Langoni
Barua ya wazi kwa Halmashauri ya klabu fulani ya michezo

Kwa Waheshimiwa Mwenyekiti na Wajumbe,

Naomba idhini ya kunena nanyi hadharani, kwa kuwa faraghani nimeshindwa kuwafikia: kila njia iendayo kwenu hupita langoni, na langoni pana kitabu, na kitabu kina safu za jina, nambari, simu, utokako na mwenyeji wako, na mwisho wa safu hizo pana mkono ulionyoshwa kudai kitambulisho. Klabu yenu siitaji. Asomaye barua hii huko Lavington, Nairobi, atadhani ni ile ya Westlands, wa Westlands ataapa kwamba ni ya barabara ya Ngong, na karani aliyezuiliwa asubuhi ya leo mlangoni mwa jumba refu la Kimathi Street atasema kwamba kumbe mna tawi katikati ya mji.

Sina ugomvi na kitabu chenyewe, maana mji wenye wezi hauna budi kuwa na malango. Ugomvi wangu ni juu ya yule apitaye bila kuandikwa. Mnamjua. Gari lake huja nyuma ya langu, na bawabu aliyekuwa akinihoji natoka wapi, nakwenda kwa nani, na huyo mwenyeji wangu ana habari ya ujio wangu au hana, huniacha na kalamu mkononi, hukaza mgongo na kupiga saluti. Kizuizi huinuka, na yule Mzungu, ambaye huenda ni mtalii aliyepotea akitafuta ubalozi wa kwao, hupita akipunga mkono kwa jamala. Kisha kizuizi hushuka, nami huulizwa upya nambari ya kitambulisho.

Bawabu simlaumu. Hutoka Kangemi alfajiri kwa miguu, hushinda juani, na lau angevua sare yake akarudi siku ya mapumziko kama mtu na nguo zake, asingepita katika lango alilolilinda wiki nzima. Hakuzaliwa na mizani ya kupima watu kwa rangi kupitia kioo cha gari. Alikabidhiwa siku ya kuajiriwa, na yaliyobaki akajifunza kwa kutazama ni nani hukaripiwa kwa kumchelewesha nani.

Juu ya kizuizi hicho mmetundika bango la mbio zenu za hisani, na katika bango hilo yumo mwanariadha wa Kenya, mweusi, mwembamba, kifua mbele, akikata utepe. Ni Mwafrika wa pekee niliyepata kumwona akiingia kwenu bila kuandikwa.

Bango hilo lilinirudisha kwa mkimbiaji Nyandika Maiyoro, mtu wa Kisii, na mwenziwe Lazaro Chepkwony, Mnandi. Mwezi wa Aprili 1954 majeshi ya Kiingereza yaliuzingira mji huu katika Operesheni Anvil, Waafrika wakapangwa mistari wakakaguliwa karatasi zao, na maelfu wakapakiwa katika malori kupelekwa vizuizini. Wala hapakuwa na namna ya Mwafrika kulala Kileleshwa au Lavington isipokuwa katika kibanda cha watumishi nyuma ya nyumba. Julai ya mwaka ule ule wawili hao walisimama katika uwanja wa White City, London, mbele ya watu waliokwisha kukata shauri kwamba Mwafrika akijaaliwa mbio ni mbio fupi tu, kwani mbio ndefu zinataka subira na akili ya kuitawala pumzi. Chepkwony alikimbia maili 6 pekupeku, akishindana na Mwingereza Gordon Pirie, mara akichomoka, mara akilegeza, kwa namna iliyowatia wakubwa wa mchezo tashwishi, hata mguu ukamwuma akatoka. Kesho yake Maiyoro alitangulia katika maili 3 na kuwaacha wenziwe nyuma, ikawabidi wamfukuze. Na katika mbio hizo Waingereza Fred Green na Chris Chataway waliivunja rekodi ya dunia, wote wawili kwa wakati mmoja, naye Maiyoro akawa wa 3.

Huko Vancouver, majira yale yale, katika michezo ya Jumuiya ya Madola, akawa wa 4. Katika Olimpiki ya Melbourne 1956 akawa wa 7 katika mita 5,000, na Roma 1960 wa 6, kwa dakika 13 na sekunde 52.8. Medali ya Olimpiki hakuipata. Hiyo ya kwanza ya Kenya aliileta Wilson Kiprugut kutoka Tokyo mwaka 1964, na waliofuata wamekuwa halaiki. Ama Seraphino Antao wa Mombasa, aliyeleta dhahabu 2 za yadi 100 na yadi 220 kutoka michezo ya Jumuiya ya Madola ya Perth mwaka 1962, yeye alikuwa Mgoa, na serikali ya zama zile iliwahesabu Wagoa mbali na Wahindi, na Wahindi mbali na Waarabu, kila kundi na klabu yake na ukuta wake. Sijui ninyi mngempanga foleni ipi.

Basi, Waheshimiwa, ombi langu kubwa ni kwamba mkifute kitabu, na mahali pake mweke sheria mpya nitakayoiita, kwa ruhusa yenu, Kanuni ya Miguu Mitupu. Kila afikaye, awe mwanachama au mgeni, ataacha langoni viatu vyake badala ya kitambulisho. Bawabu atavipokea kwa staha, atavifunga kamba kwa pamoja, atavitundika katika msumari wenye nambari, na mwenyewe atapewa kibati. Viatu vya gofu vyenye meno, viatu vya ngozi vilivyoagizwa ng'ambo na patipati za Kangemi vitaning'inia katika ukuta mmoja, jambo ambalo sidhani limepata kutokea tangu klabu ijengwe. Fauka ya hayo, ile amri yenu ikatazayo kandambili barazani itakuwa imetimizwa kwa ukamilifu ambao hamkuuota.

Kisha mgeni atakimbia. Mita 5,000, kuuzunguka uwanja wenu wa kriketi, juu ya majani, na kipimo kiwe kile cha Roma: dakika 13 na sekunde 52.8. Atakayekifikia ataketi barazani bila kuulizwa mwenyeji wake ni nani. Atakayeshindwa atapitia mlango wa jikoni, wala hapana fedheha, kwani huko ndiko wapitako watu waijuao klabu hii kuliko ninyi. Saa ashike bawabu, ambaye amewapima watu kwa jicho kwa muda mrefu na anastahili sasa kupewa chombo. Uanachama nao uhuishwe kila Januari kwa njia iyo hiyo, Halmashauri ikitangulia na Mwenyekiti akiwa wa kwanza, kwa heshima ya cheo chake. Naelewa kwamba baadhi yenu wametimiza miaka 70. Kwa hao napendekeza ihsani ya sekunde 10.

Na msije mkasema kwamba kwenda peku ni ushenzi. Katika michezo ile ile ya Roma, Abebe Bikila wa Uhabeshi, askari wa kikosi cha walinzi wa Mfalme Haile Selassie, alikimbia marathoni yote bila viatu akatwaa dhahabu. Kwa kanuni zenu za sasa, mtu huyo angeweza kuishinda dunia na asiweze kuagiza soda.

Mengine ni madogo. Kalamu ya langoni itiwe wino. Gurudumu la akiba lililo katika buti ya gari langu limekwisha kutazamwa vya kutosha. Nambari yangu ya simu nirudishiwe, kwani tangu niiandike kwenu, mahali pa kusomwa na kila ajaye baada yangu, napokea habari njema za kushinda mamilioni. Ipo Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, lakini nadhani haikuwa na mwenyeji.

Sasa niseme lililo moyoni, maana adabu nayo ina kikomo. Ninyi si walowezi. Wengi wenu ni weusi kama mimi, wajukuu wa watu waliovikwa kipande, kitambulisho cha kikoloni, shingoni baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, wakasimamishwa na kila askari aliyejisikia kuwasimamisha. Mwaka 1963 mlikabidhiwa funguo. Mkabadilisha picha za ukutani, mkaliacha lango na amri zake. Machi 2015, mkahawa mmoja huko Kilimani ulipojulikana kuwa huwazuia Waafrika baada ya saa 11 jioni, mji mzima ulighadhibika, nanyi mlighadhibika pamoja nao, barazani, nyuma ya kizuizi. Na wakubwa walipokwenda kuufunga mkahawa huo walizungumzia leseni. Aliyenidhalilisha akiwa mgeni nitamwelewa kabla ya kumsamehe. Ninyi mnanidhalilisha katika mji wangu, mbele ya watoto wangu, kisha mnaniomba mchango wa mbio za hisani!

Niwieni radhi. Nimepaza sauti, na kanuni zenu zakataza kelele.

Nangojea jibu lenu kwa maandishi, nikitaraji kwamba mjumbe atakayelileta hatakawizwa wakati wa kutoka. Nawe msomaji, maadamu kitabu kingalipo, utakapofika langoni na kuletwa mbele ya safu ya mwenyeji, andika humo jina la Nyandika Maiyoro. Alifariki Februari 2019, kwa hiyo bawabu hatakuwa na nambari ya kumpigia kuuliza kama anakutarajia. Liandike kwa hati inayosomeka, kisha ingia.