Benki ya Dunia, tuonyesheni gari letu

Kwa wakuu wa Mfuko wa BioCarbon,
Benki ya Dunia, Washington.

Waheshimiwa,

Hapa Bungoma mahindi yamefika magotini, na kaboni iko salama udongoni.

Tunawaandikia kuhusu magari. Januari 2014, mradi wetu wa kaboni ya kilimo uliosimamiwa na Vi Agroforestry ya Uswidi, kwa fedha zenu, ulipata hati zake za kwanza za kuuza: tani 24,788 za hewa ukaa zilizopunguzwa. Mkatangaza wenyewe kwamba huo ni moshi wa magari 5,164 kwa mwaka. Wakulima wa mradi mlisema ni 60,000. Tumepiga hesabu: kila gari lina walezi kama 12 hivi.

Basi sisi 12 tunaomba tulijue letu. Ni la rangi gani? Mwenyewe huenda nalo kazini tu, au Jumapili hulipeleka matembezini? Si umbea. Kwa ajili yake hatuchomi tena mabua. Tunayalaza kati ya mistari yaoze. Tunachimba matuta, tunapanda nepia kingoni, tunageuza mboji, kisha jioni tunajaza fomu: miti mingapi, ng'ombe wangapi, magunia mangapi. Akinunua gari la pili, tuarifiwe mapema tuongeze samadi.

Mavuno yamepanda, hatukatai. Samadi haina siasa. Lakini zile tani zikigawanywa kwa wote, kila mkulima ana chini ya nusu tani, na hapo mkaguzi na mshauri hawajalipwa. Sheria yetu ya 2023 nayo inaitengea jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya miradi ya ardhi, baada ya kuondoa gharama za biashara. Huyo Gharama ni shemeji anayekula kabla wageni hawajanawa mikono.

Kule Isiolo, kwenye mradi wa nyasi za malisho ambao hati zake zilinunuliwa na Meta na Netflix, maswali ya wafugaji yalifika kortini, na Januari 2025 ikaamuliwa kwamba hifadhi mbili za huko ziliundwa kinyume cha sheria. Sisi tumeanza na barua, nauli ya wakili hatuna.

Kabla ya kutuletea mradi mwingine, bandikeni bei ya tani, jina la mnunuzi na orodha nzima ya gharama pale soko la Chwele, kwa Kiswahili na Kibukusu. Fomu za kujaza tunazo za kutosha.

Wenu katika samadi,
Mkulima, Bungoma