Umeme Unaokupwa na Kujaa

Mzee mwenye mashine ya kusaga alikuwa na lalamiko moja: kila mota ikiwashwa, taa zinafifia, na siku nyingine mota inanguruma tu bila kuzunguka. Mafundi watatu walikuja na testa zao, wakakuta umeme upo, wakapokea nauli, wakaondoka. Mimi nikaingia na data loga (kifaa cha kurekodi vipimo) niliyoazima kazini, yenye matundu manane ya waya na kitaa cha kijani kinachokonyeza. Watoto waliotumwa kusagisha wakanizunguka. Nikavaa miwani ambayo, kusema kweli, siihitaji.

Nikapitisha umeme kwenye transfoma ndogo, ushuke kutoka volti 230 hadi volti chache ambazo loga inaweza kuzimeza. Kompyuta ikauliza: sampuli ngapi kwa sekunde? Umeme wetu ni hezi 50, basi nikaandika 50. Hesabu iliyokaa sawa namna hiyo nani ataibishia?

Grafu ikatokea. Mstari ukapanda taratibu, ukatulia, ukashuka taratibu, safari nzima ikichukua karibu dakika moja.

"Mzee," nikasema, "umeme wako unakupwa na kujaa."

Akaketi juu ya gunia. "Kama bahari?"

"Kama bahari."

Nikamshauri awashe mota wakati wa kujaa tu. Mchana kutwa kijana wake akawa amekodolea macho skrini, mstari ukifika juu anapiga kelele, "Umejaa!" na mzee anavuta swichi. Mota ikawaka mara nne mfululizo bila kunguruma. Nikapewa kilo mbili za sembe.

Usiku, ugali ukiwa tayari tumboni, ndipo nikashtuka. Wimbi la umeme huzunguka mara 50 kwa sekunde, nami nilikuwa nalichungulia mara 50 kwa sekunde, kila mara karibu pale pale. Ni sawa na kumtembelea jirani kila siku saa saba mchana, ukamkuta anakula, ukatangaza mtaani kwamba yule bwana hana kazi ila kula. Umeme nao haukai 50 kamili; ukisogea hadi 50.02, kile kitofauti ndicho kinachozaa wimbi bandia la sekunde 50. Claude Shannon alishayaandika haya mwaka 1949: ukitaka kulinasa wimbi, lichungulie zaidi ya mara mbili ya kasi yake. Nilifundishwa. Nilifaulu hata mtihani.

Kesho yake nikaweka sampuli 10,000 kwa sekunde. Karatasi moja ya Excel ina mistari 1,048,576. Ilijaa chini ya dakika mbili, mzee hajamaliza kuulizia afya ya mama yangu. Basi nikaiamuru loga isirekodi kitu hadi volti zishuke chini ya 3. Ikaanza papo hapo na haikunyamaza, kwa sababu umeme wa aina hii hupita kwenye sifuri mara 100 kila sekunde, hata ukiwa mzima wa afya.

Jioni nikaacha kufuata kila chembe ya wimbi, nikapima nguvu ya wimbi zima. Mota ikawashwa, na shimo likaonekana: volti zinaanguka, zinarudi, chini ya sekunde moja. Tukaufuata waya hadi kwenye kiungio kilicholegea, kimeungua na kuwa cheusi. Nikakikata, nikaunga upya, nikamweleza mzee mwanzo hadi mwisho. Alinisikiliza kwa adabu zote.

"Nimekuelewa, mwanangu," akasema, mkono ukiwa kwenye swichi. "Sasa hivi ni kupwa au kujaa?"