Minana na Chuo cha Kasuku

Hapo kale, ng'ambo ya bahari saba, palikuwa na milki ya minana waliotamalaki minazi yote ya nchi ile, na sifa zao zilienea kotekote kwa ufundi wa kusuka viota vilivyoning'inia kwenye ncha za makuti, nyoka akivitamani asivifikie. Ufundi huo haukuwa na darasa. Kinda akishaota manyoya aliachiwa chane mbichi ya ukuti, akaikanyaga kwa ukucha, akaipitisha kwa mdomo chini na juu, akavuta, fundo likafumuka. Akachuna nyingine, nayo ikakatika. Viota vyake vya kwanza vilikuwa vioja, kimoja hakina mlango, kingine ni mlango mtupu, na wazee walicheka, wakamwacha afumue mwenyewe aanze upya.

Ikawa siku moja mfalme akatembelewa na wageni wa heshima, akaona haya kwa vile viota kombokombo. Akaitisha baraza, akanena, "Waheshimiwa, watoto wetu wanachezea makuti ilhali wa wenzetu wanasoma." Baraza likaafiki kwa vifijo, likamwajiri Kasuku awe mkuu wa chuo, maana alikuwa na sauti ya kuvutia na alisema lugha saba, hakuna aliyekumbuka kwamba Kasuku, yeye na babu zake, hulala katika matundu ya miti na hawajapata kufunga fundo hata moja.

Chuo kikafana. Makinda walipangwa safu kwa safu, wakaimba tangu alfajiri hadi magharibi, "Fundo ni nini? Fundo ni kifungo! Kifungo ni nini? Kifungo ni fundo!" Aliyekutwa na ukuti mdomoni aliadhibiwa kwa kuchafua darasa, na mmoja aliyezidi ukaidi akafukuzwa, jina lake likabaki Mtoro. Nyumbani nako mama alimlisha kinda panzi mdomoni na kumnyoosha mbawa, asije akachoka kabla ya kukariri; na baba, mtihani ulipokaribia, alimkodi fundi mzee amsukie mwanawe kiota cha kupeleka. Kinda akapeleka kiota, fundi akapokea panzi wawili, Kasuku akatoa mia kwa mia, kila mmoja akaenda zake ameridhika.

Siku ya mahafali makinda walivikwa majoho ya manyoya ya kunguru, marefu kiasi kwamba hakuna aliyeweza kuruka, na wahitimu wakarudishwa nyumbani wamebebwa migongoni na mama zao, huku hoi hoi na vigelegele vikirindima. Bibi mmoja akathubutu kusema, "Wanangu, ukuti hukunjwa ungali mbichi." Akajibiwa kwa adabu, "Shikamoo bibi, lakini hayo hayamo kwenye mtaala."

Masika yakaingia. Wahitimu wakatua juu ya makuti, wakaeleza kwa ufasaha usio kifani fundo ni nini na lina faida gani, nao majike wakasikiliza hadi mwisho, kisha wakauliza, "Sasa tutataga wapi?" Wakakimbiliwa mafundi wa kukodi, nao walikwisha kuzeeka, midomo imechakaa. Katika mnazi mzima palikuwa na kiota kimoja tu kilichokamilika, nacho kilikuwa cha Mtoro.

Mfalme akaunda tume ichunguze chanzo cha msiba huo. Na kwa kuwa mvua haikukatika, tume iliomba hifadhi ndani ya kiota cha Mtoro, ikakaa humo bila kulowa siku zote za kazi yake, ikala panzi wa mwenyeji, wala haikumuuliza neno. Ripoti ilipotoka ilisema kosa lilikuwa moja tu, nalo ni kuchelewa: makinda walianza masomo wakiwa wakubwa mno. Kasuku akapandishwa cheo, na kesho yake akaonekana akipita yai kwa yai, akiliinamia kila moja na kuliuliza kwa sauti yake nzuri, "Fundo ni nini?"