Beji Juu ya Beji

Mashabiki wa Simba na Yanga, walioneemeshwa na Mola kwa majina yaliyodumu miongo mingi, hawana ilimu ya mashaka yetu sisi wa Singida, ambao mwaka 2018, baada ya Singida United kufungwa na Mtibwa Sugar mabao 3 kwa 2 katika fainali ya Kombe la Shirikisho pale Arusha, tulirejea nyumbani tukala kuku wetu kwa huzuni, na mwaka 2020 tukaisindikiza timu hiyo kushuka daraja. Ikaja Big Stars, iliyokuwa DTB. Jezi haijapauka, ikaitwa Fountain Gate. Kisha, mwaka 2024, Ihefu ya Mbarali ikawa Black Stars, nasi, waungwana tusiofukuza mgeni, tukaipokea kama mwana wa tumbo letu. Mwaka 2025 ikatufikisha fainali ya kombe lilelile Unguja, uwanjani Amaan. Yanga wakatufunga 2 kwa 0.

Fundi cherehani wangu, aliyekwisha kushona beji juu ya beji kifuani pangu, anasema sindano haipenyi tena. Basi enyi wenye timu, kufungwa tumezoea. Jina, tafadhalini, liacheni hadi nimalize deni la uzi.