Breki ya Nyuma Haiuawi: Mwongozo kwa Wenye Magari wa Chanika

Hatua ya kwanza ni kumnyamazisha fundi kwa heshima. Akishachungulia chini ya Corolla 110 yako na kuona tairi la nyuma limelowa, atajifuta mikono kwa tambara na kusema: "Bosi, ya nyuma haina kazi, breki zote ziko mbele. Tuiue tu, ukipata hela utarudi." Mjibu, "Fundi, nashukuru, hiyo hapana." Sema kwa tabasamu, lakini uwahi kabla hajashika plaizi.

Kuua breki ni kukunja au kuziba bomba linalopeleka fluidi kwenye tairi linalovuja. Pedali inapanda, unaondoka umefurahi. Kisha unapakia magunia ya mkaa na shemeji na wanawe, unashika njia ya Pugu kwenda Gongo la Mboto. Ni kweli gari likifunga breki uzito hukimbilia mbele, na breki za mbele ndizo hubeba kazi kubwa. Ila ukishasheheni nyuma, matairi ya nyuma nayo yanadaiwa sehemu yake. Moja likishika na jingine likikataa, mkia unavutwa upande mmoja, na mteremko wa Pugu siku ya mvua si mahali pa kujifunzia hilo. Handibreki nayo hutumia shuu hizohizo za breki ya nyuma. Zikilowa, handibreki yako ni jiwe, na jiwe linahitaji mtu wa kuruka nje kuliweka.

Sasa tufungue. Mchanga wetu humeza jeki, kwa hiyo tanguliza ubao mnene chini yake. Weka mawe mbele na nyuma ya matairi ya mbele, legeza nati tairi likiwa bado chini, kisha inua na uachie handibreki. Usiingize mwili chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata fundi akikuambia yeye hufanya hivyo kila siku.

Dramu ikigoma kutoka, usimruhusu mtu kuitandika nyundo ukingoni. Ni chuma cha kuyeyushwa, kinapasuka. Dramu nyingi za Toyota zina matundu mawili madogo yenye uzi: ingiza bolti za milimita 8, kaza hii kidogo na ile kidogo, itajisukuma yenyewe. Watoto wa jirani watakuwa wamekwisha kuzunguka kutazama. Wafukuze mbali kwa upole, maana ndani mna vumbi, na shuu za zamani huweza kuwa na asbesto. Usipulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Lowesha kwa maji ya sabuni, futa, tupa tambara.

Kabla ya kugusa springi hata moja, piga picha kwa simu. Fungua upande mmoja kwanza, ule mwingine uache mzima uwe mwalimu wako.

Halafu soma unyevu, maana hapa ndipo hela nyingi hupotea. Majimaji mepesi yanatoka kwenye wili silinda: raba zake zimechoka. Oili nzito yenye harufu ya difu, hasa kwenye Hiace, imevuka sili ya ekseli. Ukibadilisha shuu bila kutibu chanzo, umenunua shuu za kulowesha upya. Na zilizolowa hazifuliwi kwa petroli wala hazichomwi kwenye mkaa. Moto hukausha uso tu. Mafuta yaliyozama ndani hurudi breki zikipata joto. Tupa, nunua seti ya pande zote mbili. Hata zilizo kavu, unene wa sehemu inayosugua ukikaribia milimita 1, zimekwisha. Ukienda Kariakoo, beba ya zamani mkononi iwe sampuli, jina la gari peke yake halitoshi.

Fluidi nunua chupa iliyofungwa, ya namba iliyoandikwa kwenye kifuniko cha tangi lake. Kwa magari mengi ya umri huu ni DOT 3. Ikiwa mpya, haichemki chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishanyonya maji, kiwango kinaweza kushuka hadi 140 hivi. Ikichemka mteremkoni hugeuka mvuke, na pedali hugusa sakafu. Anayekujazia maji ya sabuni anakuuzia safari ya kwenda tu. Oili ya injini nayo huvimbisha raba zote.

Shuu na dramu zikisharudi mahali pake, kutoa upepo kwenye bomba kunataka msaidizi mtiifu. Kwenye magari yetu ya usukani wa kulia, kwa kawaida anza na tairi la nyuma kushoto, lililo mbali zaidi na masta silinda. Yeye anakanyaga na kushikilia, wewe unafungua nipo ya kutolea upepo, unafunga, ndipo anaachia. Akiachia mapema, upepo umerudi. Tangi lisikauke katikati ya kazi.

Rekebisha shuu mpaka dramu izunguke kwa mkono ikikwaruza kidogo. Jaribu uani mwendo wa kutembea, kisha barabara tupu, kisha handibreki kwenye kilima ukiwa umekaa ndani. Ukirudi, kaza nati tena na usogeze kiganja karibu na kila rimu ya nyuma bila kuigusa. Inayofuka joto kuliko mwenzake imekazwa mno: mrudie fundi leo, naye umlipe ujira wake kamili, kwa sababu kazi hii ni ndefu kuliko kukunja bomba.