Kosa la Nanasi

Wanaotetea mishahara minono ya wanasoka hudai kwamba kipaji adimu hulipwa na soko, yaani makubaliano ya wenye kuuza na wenye kununua, na kwamba Mbwana Samatta, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza mwaka 2020, hakumpokonya mtu senti. Hoja hiyo ni safi, ila mkulima wa mananasi wa kijiji cha Kiwangwa nchini Tanzania, ambaye nanasi lake hukaa shambani mwaka na zaidi ndipo liive, huambiwa na soko hilohilo kwamba mananasi yamefurika, hivyo apokee bei ya kutupa na ashukuru. Ikiwa bei ndiyo kipimo cha haki, yaani kila mtu kupata anachostahili, basi kosa ni la nanasi, ambalo pamoja na utamu wake wote halijajifunza kupiga penalti.