Muulize Mjomba: Raketi Inayonikimbia

Mjomba, shikamoo. Msimu huu pamba imenilipa, nikamtuma mtu Mwanza aniletee raketi ya mpira wa meza, ile ghali kuliko zote dukani. Mchezo wenyewe ndiyo kwanza naujaribu. Nikigusa tu, mpira unatua kwenye sufuria ya mama ntilie. Jana kijana mwenye kibao kikavu, kisicho na sponji, kanifunga 11–2. Nimeuziwa feki?
Mwenye Pamba, Nyakabindi

Marahaba, mpwa. Ingekuwa feki ningekupongeza. Balaa ni kwamba ni halisi. Umekwenda mnadani ukanunua maksai wenye nguvu wasiowahi kuvuta plau, ukawafunga siku hiyohiyo, sasa unashangaa mtaro umepita jikoni kwa jirani.

Sponji iliyo chini ya raba humeza mpira kidogo, kisha huutema. Ikiwa nene, inautema kwa nguvu zake, siyo zako, na kampira kenyewe kana gramu 2.7 tu. Unene huandikwa kwenye pakiti: tafuta milimita 1.5 hadi 1.8. Ubao uwe wa mbao tupu, tabaka tano. Kaboni waachie wanaolipwa kwa kucheza.

Yule kijana usimdharau. Zamani mabingwa wa dunia walicheza na raba ya vinundu bila sponji. Mwaka 1952, mjini Bombay, Mjapani Hiroji Satoh akaja na sponji, akabeba ubingwa, na wapinzani wakalalamika kwamba hata ule mlio wa ko-ko hawausikii tena. Wewe unayo silaha ya Satoh na bado umefungwa 11–2. Hilo ni jipya kwangu.

Mjomba, mume wangu anaipangusa raketi yake kila jioni kwa kitambaa chenye maji, halafu anaivalisha mfuko wa nailoni. Watoto hajawahi kuwaogesha. Nifanyeje?
Mama Wawili, Maswa

Inaniuma kusema hivi, lakini kwa raketi yuko sahihi. Vumbi la kiangazi huko kwenu linaua raba. Mwambie auburuze mpira juu ya raba: ukikamata, raba ni hai, ukiteleza kama kwenye kioo, imekwisha. Aianike kivulini, asiisahau kwenye siti ya pikipiki juani. Kuhusu watoto, mfundishe kwamba nao hupanguswa vilevile, ila maji yawe mengi zaidi. Na kanga yako asiiguse.

Mjomba, fundi seremala wa hapa mjini kanichongea raketi ya mninga, pande zote mbili kabandika tyubu ya baiskeli. Inafaa mashindano?
Mchezaji, Bariadi

Chini ya mwembe, inafaa. Kwenye mashindano mwamuzi atairudisha: upande mmoja lazima uwe mweusi, wa pili rangi nyingine inayong'aa, ili mpinzani ajue umempiga na upi. Zamani ilikuwa nyekundu tu. Tangu 2021 hata waridi inaruhusiwa. Tyubu nayo haimo kwenye orodha ya raba zilizoidhinishwa. Mninga hauna kosa, kanuni inataka mbao asilia angalau asilimia 85 ya unene, ila ni mti wa vitanda. Kiganja chako kitaomba likizo mapema.

Huyo fundi lakini usimwache. Mpelekee vipimo vya meza: sentimita 274 kwa 152.5, kimo 76. Huo mninga wake aulete huko.